Valvu Mbili za Ami Shaabani

Niliondoka Nyeri kwa sababu ya sauti ya ami yangu, na nalisema hilo mwanzo kabisa ili asije mtu wa Majengo, mtaa wetu, akadai nilikwenda kutembea. Ami Shaabani, ndugu mdogo wa marehemu baba, alikuwa muadhini wa msikiti wetu tangu mimi sijaanza kuvaa suruali ndefu. Sauti yake haikuwa kubwa hata siku moja. Ilikuwa nzuri, lakini nzuri na kubwa ni mambo mawili. Kwa hiyo mwaka ule wa Uhuru, wazungu walipokuwa wanafunga virago na klabu yao moja ikauza vyombo vya ukumbi wa dansi, wazee wetu walinunua mashine ya kukuza sauti pamoja na tarumbeta yake ya bati ya kutolea sauti. Mimi ndiye niliyeifunga. Mashine iliyozoea kuchezesha watu dansi ikawa inaita watu kusali, na Ami akasikika kutoka vibandani mpaka ng'ambo ya mto.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mvua za vuli zilipoanza, radi ilipiga waya wa umeme wa mtaa wetu. Nilipofungua mashine nilikuta valvu mbili za mwisho zimeungua. Kwa wasiojua, valvu ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio za kale. Redio ndogo za transista zilipokuja, valvu zikaonekana mambo ya kizee, watu wakazisahau. Hizo mbili ndizo zinazobeba sauti, na sharti ziwe za aina moja. Duka moja la Nairobi lilinijibu kwa simu kwamba haziletwi tena nchini, niitupe mashine, tuagize mpya. Mpya ingechukua miezi, na Ramadhani ilikuwa imebakiza siku tisa.

Kamati ya msikiti ilikaa siku hiyohiyo. Ikaamua kwamba mashine isipopona mpaka mwezi uandame, basi adhana ya Magharibi, ile ambayo watu wa mtaa wote huisubiri wafuturu, ataitoa Harun muuza nyama. Harun alikuwa mtu wa miaka thelathini, mpole, mwenye kifua kipana, na akikohoa buchani kwake watu wa posta wanageuka. Hakuna aliyemsema Ami vibaya. Walisema tu kwamba mtu mzima apumzike. Ami akajibu, "Sawa." Tulipotoka nje aliinama kufunga viatu vyake, akakaa pale chini muda mrefu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Nilishindwa kumtazama. Nilikasirika, na mimi nikikasirika hujisifu. Ndiyo tabia yangu, mke wangu Mariamu anaijua. Nikamwambia, "Ami, nipe wiki moja. Mlima huu wote umejaa redio zilizokufa. Mimi Abdalla, fundi ninayejulikana kuanzia Naro Moru mpaka Sagana, nikose valvu mbili?"

"Utazitoa wapi, mwanangu?" akauliza.

"Zilikotupwa," nikasema.

Jumatatu alfajiri niliswali, nikafunga sanduku langu nyuma ya baiskeli. Ndani niliweka mita ya kupimia, chuma cha kulehemu, bisibisi, kanzu moja na maandazi ya Mariamu. Barabara ya Karatina inateremka, na baiskeli yangu ilikuwa nzito, kwa hiyo tulishuka wote wawili kwa furaha. Ukungu ulikuwa bado juu ya mashamba. Mlima ulijionyesha kidogo tu, ukajifunika tena.

Saa nne asubuhi nilikuwa Karatina, na soko limechangamka. Nilizunguka nikiuliza redio mbovu, na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho fundi anayekaa dukani haoni. Redio zilikuwepo kila mahali, ila hazikuwa redio tena. Mama mmoja muuza mayai alikuwa na kasha la mbao la redio kubwa, na kuku mtetea amelala mahali pa spika. Muuza ndizi alifungia mikungu yake kwa waya wa shaba uliotoka kwenye koili ya redio. Fundi cherehani mmoja aliokota sindano zake zilizoanguka kwa sumaku nzito ya duara, na sumaku ile niliijua kwa kuiona tu, maana nimezibandua nyingi.

"Hiyo sumaku umeitoa kwa redio gani?" nikamuuliza.

"Ya baba ya bibi yangu. Irikufa, arafu mimi nikasema, ati kitu ikikufa si ndio imemaliza kazi. Ona, sindano hazipotei tena."

"Na vile vichupa vya ndani?"

Fundi cherehani akatikisa kichwa. "Hizo chupa hatukupata kazi yake. Takataka ya redio yote ya hapa inaenda na gari moshi Sagana, kwa Kariuki wa vyuma. Uliza yeye."

Nilicheka njia nzima kuelekea Sagana, na kucheka kwenyewe kulikuwa kwa majivuno. Nimezaliwa katika mlima huu. Baba mtu wa kuja, mama Mkikuyu wa Tetu, na siku hiyo niliona fahari kuwa wa watu hawa. Kuna nchi zenye viwanda vikubwa vya kutengeneza redio, lakini sidhani kuna watu wanaojua kumaliza redio kama watu wa Karatina. Wanaila mpaka mfupa.

Alasiri nilifika Sagana, jasho likinitoka, maana huko chini joto ni la aina nyingine. Kariuki alikaa karibu na reli, nyuma ya lundo la vyuma lililozidi nyumba yake kwa urefu. Alikuwa mtu mfupi mcheshi, amevaa aproni ya ngozi. Kulikuwa na betri za magari zilizopasuliwa kutolewa madini ya risasi, alumini ya bodi za redio ikisubiri kuyeyushwa iwe sufuria na miiko, na rundo la betri kavu zilizotoa unga mweupe. Nikamweleza shida yangu. Akaniongoza mpaka kwenye pipa.

Lilikuwa limejaa vioo. Valvu, mamia yake, zote zimepigwa nyundo.

"Ndani iko na kachuma kadogo," akaeleza kwa upole. "Kuna Mhindi alikuwa anakachukua. Kioo tunamwaga kwa shimo."

Nilihisi kama nimefika matangani. Nikamkemea, nasikitika kusema. Nikamwambia kwamba alikuwa amevunja vitu ambavyo haviji tena, kwamba mtu mwenye akili angeuliza kwanza. Kariuki hakukasirika. Alipangusa mikono kwenye aproni, akanitazama vizuri usoni.

"Ati fundi, si wewe ni Abdalla wa Majengo?"

"Ndiye mimi."

"Si wewe ulikuwa unaniletea hizi? Gunia kwa gunia, ile wakati transista iliingia. Mimi nirikuuliza, hii ni ya nini? Ukaniambia, 'Kariuki, hii imekwisha dunia, vunja.'"

Ilikuwa kweli. Niliyakumbuka magunia yale, ingawa mwenye kuyapokea nilikuwa nimemsahau, na nilikumbuka hata nilivyokuwa nikifurahi kupata nafasi dukani. Kariuki, badala ya kunicheka, alinikaangia samaki wa mtoni, akanipa mahali pa kulala, akaniambia neno moja lililonipa uhai: kabla hajaanza kuvunja, mwalimu mmoja kutoka upande wa Embu alipita akachukua sanduku zima la valvu. Mwalimu Njeru. Ati alikuwa anafundishia watoto.

Jumanne yote ilikuwa ya kupanda. Nilipita Kutus, nikavuka mito ambayo sikuihesabu, nikasukuma baiskeli kuliko nilivyoipanda. Siku ile sikujisifu kwa mtu. Jua lilipokuwa linazama nilifika kwa Mwalimu Njeru, juu kidogo ya mji wa Embu, nyumba ya mabati katikati ya kahawa na migomba. Yeye na mkewe, Mama Wawira, walikuwa wazee wa kanisa. Walimpokea Mwislamu wasiyemjua, mwenye vumbi mpaka nyusi, na kabla sijaeleza nililolijia nilikuwa nimeshapewa maji ya kunawa, kiti, na sahani ya viazi na maharagwe. Mama Wawira aliniuliza ninasali kuelekea wapi, akanisogezea meza ukutani nipate nafasi.

"Kesho uje shule, fundi," Mwalimu akasema nilipomaliza kueleza. "Sanduku liko huko. Lakini utalipa."

"Kiasi gani, Mwalimu?"

"Somo moja. Mimi nawafundisha kwa kitabu. Sijawahi kuona valvu ikiwa hai."

Jumatano saa mbili asubuhi nilisimama mbele ya watoto wa darasa la saba. Ubao ulikuwa mweusi tititi, mweusi kuliko mbao za shule za mjini. Nikauliza rangi ile imenunuliwa wapi, darasa zima likacheka. Haikununuliwa. Wazazi huleta betri kavu zilizokwisha. Zikivunjwa hutolewa ule weusi wa ndani, unapondwa, unachanganywa na majani ya viazi vitamu, na kila mwanzo wa muhula ubao unapakwa upya. Nikawaonya wanawe mikono vizuri na wasiwaachie wadogo kazi hiyo, maana ndani ya betri mna sumu. Wakasema Mwalimu alishawaambia, na mmoja akanionyesha karai la maji na sabuni nje ya mlango. Nikaona aibu tamu, ile ya mtu aliyekuja kufundisha akakuta watu wamesoma.

Niliwaeleza jinsi sauti ndogo inavyoingia kwenye kioo hiki ikatoka kubwa. Nilitumia mita yangu na betri ya tochi kuwaonyesha ipi nzima na ipi imekatika ndani. Valvu za aina yangu zilikuwa tatu katika sanduku lile. Ya kwanza, mshale wa mita haukucheza. Ya pili vilevile. Darasa lilikuwa kimya, maana nilikuwa nimewasimulia habari za Ami, na watoto wakawa upande wake. Ya tatu mshale ukaruka.

Walipiga makofi mpaka mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia. Mimi nilikuwa ninafurahi na kuhuzunika kwa pamoja. Moja haitoshi. Mashine ile ni kama nira ya ng'ombe, haivutwi na mmoja. Mwalimu Njeru aliliona hilo usoni mwangu, na saa ya chai akaniita kando.

"Dada yangu Wangeci aliolewa Gakindu, huko Mukurwe-ini," akasema. "Kila Krismasi wanasimamisha tawi la mti nyumbani, na badala ya maputo anatundika vioo. Mimi mwenyewe nimeviona. Vinafanana sana na hiki."

"Vioo vya redio? Gakindu hakuna umeme!"

"Mimi sijui alivitoa wapi. Nakwambia nilichoona."

Nililala kwao tena, na alfajiri Mama Wawira alichukua mkebe wa majani chai, akaujaza pamba, akailaza valvu ndani kama anamlaza mtoto mchanga, akafunga kwa kitambaa. "Ukianguka," akaniambia, "anguka na upande ingine."

Alhamisi mvua ilinikamata kabla sijafika Kutus. Nilivua koti, nikaufunika mkebe, nikalowa mwenyewe. Dereva wa lori la mchele kutoka Mwea alinihurumia, akaipandisha baiskeli juu ya magunia na kunikalisha mbele. Aliuliza nimebeba nini kwenye mkebe ninaoukumbatia hivyo. Nilimwambia ni nusu ya sauti ya ami yangu. Alinitazama mara mbili, kisha hakuniuliza kitu kingine mpaka Karatina.

Ijumaa asubuhi niliiacha lami ya Karatina, nikashika njia ya udongo inayokwenda Mukurwe-ini. Matope yalikuwa yanashika magurudumu, na kahawa zilikuwa zimeanza kuiva pande zote za njia, nyekundu juu ya kijani. Karibu na adhuhuri nilifika Gakindu. Nyumba ya Wangeci haikuwa mbali na soko. Mwanamke mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani, alinikaribisha ndani bila kuniuliza jina. Nikakaa. Nikainua macho, nikaona kabati la vikombe.

Halikuwa kabati. Ilikuwa gramu kubwa ya redio na santuri, ya mbao nyekundu iliyong'arishwa, miguu minne ya shaba. Niliijua.

"Umerijua?" Wangeci akauliza, akitabasamu kidogo sana.

Mwaka wa Uhuru, mzungu mmoja aliyekuwa anaondoka alipiga mnada vitu vyake. Gichuki, mume wa Wangeci, akanunua gramu hiyo, na wanaume wakaibeba mabegani mpaka Gakindu wakiimba. Nikaitwa mimi kutoka Nyeri niifanye iseme. Nilipofika nikakuta hakuna waya wa umeme kuanzia hapo mpaka upeo wa macho. Nilicheka hadi nikatokwa na machozi, mbele ya majirani wote waliokuja kusikiliza. Nikasema, na maneno haya ni yangu mwenyewe, "Gichuki, umenunua jeneza. Toa matumbo uyatupe chooni, weka vikombe." Kisha nikala chakula chao, nikaondoka. Sikuwahi kulifikiria tena.

"Watu walimwita Baba Jeneza," Wangeci akasema. "Mpaka sasa, kwa kiwanda cha kahawa, wanamwita hivyo. Yeye alitaka kutupa matumbo kama ulisema. Mimi nikakataa. Nikamwambia, hii kitu mtu ametengeneza kwa akili mingi hivi, haiwezi kosa kazi. Nikaweka kwa ghala ya mahindi. Zile vioo nikaona ni mizuri, nikaweka ya Krismasi. Zilikuwa mbili kubwa. Moja mbuzi aliangusha."

"Na nyingine?"

Akaingia chumbani, akarudi na sanduku la viatu. Ndani, katika pamba na vipande vya karatasi za kung'aa, ilikuwepo valvu yangu. Aina ileile. Uzi mwekundu wa kutundikia ulikuwa bado umefungwa shingoni mwake. Nikaigusa kwa mita, na mshale ukaruka.

"Mama, taja bei yako," nikasema.

"Sitaki pesa." Alifunika sanduku. "Mzee wangu, Baba Gathoni, yuko kwa kiwanda saa hii, anapeleka kahawa. Watu wote wako huko. Ulisema mbele ya watu, ati jeneza. Sasa enda useme mbele ya watu, na mdomo ile ile."

Nawaambieni ukweli, wasomaji wangu: nilifikiria kukataa. Mimi ni mtu wa kujisikia. Niliona kama ningeweza kupanda baiskeli nikarudi nyumbani na valvu moja na maelezo mengi. Kisha nikamwona Ami pale chini, akifunga kamba zisizokuwepo. Nikamfuata Wangeci.

Saa nane mchana kiwandani palijaa. Wanawake walikuwa wamekaa chini wakichambua kahawa mbivu, wanaume wakisimama katika mstari wa mizani na magunia yao. Gichuki alikuwa karibu kufika mbele, mzee mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote. Wangeci akapiga makofi, akasema kuna mgeni ana neno. Nilisema kwa Kikuyu, lugha ya mama yangu, ili asibaki mtu wa kuuliza maana.

Nilisema, "Mimi ni Abdalla, fundi wa redio. Mwaka wa Uhuru nilimcheka mtu huyu hapa Gakindu. Nilisema amenunua jeneza, nikamwambia atupe vilivyomo. Leo ni siku ya tano ninauzunguka mlima, natafuta kitu kilichokuwa ndani ya jeneza lile, na hakipatikani hata Nairobi. Kimepatikana nyumbani kwake. Yeye na mkewe walikuwa na akili, mimi nilikuwa na mdomo tu."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliacha kuchambua. Gichuki aliinua gunia lake, akalimimina taratibu kwenye mizani, akangoja mpaka karani amalize. Hakunitazama. Kisha akamgeukia mkewe.

"Huyu mtu," akasema, "amekunywa chai?"

Mstari mzima ukaangua kicheko, na kicheko kile hakikuwa juu yake. Nilikunywa chai kwao, nikala, nikalala. Jioni Gichuki alinipeleka ghalani akanionyesha matumbo yale yote, yamefungwa kwa majani makavu ya migomba, hata skrubu moja haikupotea. Alinionyesha jinsi mtu anavyoonyesha ng'ombe wake wa maziwa. Nilijivunia watu wale kuliko nilivyowahi kujivunia ufundi wangu, na nilimwambia hivyo.

Jumamosi saa tano asubuhi nilikuwa Majengo tena. Niliingia msikitini na sanduku kabla ya kwenda nyumbani, na Mariamu hakunisamehe hilo upesi. Ami alikuja akakaa kwenye mkeka. Nikachomeka valvu ya Mwalimu Njeru upande wa kushoto na ya Wangeci upande wa kulia. Nikawasha. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu ndani ya vioo vyote viwili kukaanza kuwa na wekundu, hafifu, kisha wa kutosha. Tarumbeta ikavuma kidogo huko juu.

"Ami, sema kitu."

Alikisogelea kipaza sauti, akasita. "Niseme nini?" akauliza, na swali lake likaenda mpaka sokoni. Watoto walikuja mbio. Kutoka buchani, Harun alipiga kelele za furaha bila mashine yoyote, tukamsikia vizuri sana.

Kamati ikamrudishia Ami adhana yake. Mwezi ulipoandama, tukafunga. Siku ya kwanza ya mfungo, jua lilipozama, mtaa wote ulisimama vibarazani na tende mkononi. Ami aliadhini. Ilikuwa sauti ya mtu mzee, ina mikwaruzo, na mashine haikuficha hata mmoja, lakini kila mtu alifuturu kwa sauti hiyo mpaka ng'ambo ya mto. Mimi nililia hadharani, na sioni haya kuandika hivyo. Katika safari ile nilijifunza kwamba nilichokuwa nikikiita takataka kilikuwa kipimo cha mahali akili yangu ilipoishia tu. Wengine waliendelea kutoka hapo. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu atupe kitu kabla sijamuuliza yeye anakionaje.

Baada ya swala tulikunywa uji uani. Ilipokaribia Isha, Ami aliinuka, akamshika mkono Harun mbele ya wazee wote. "Njoo uadhini wewe," akamwambia.

Mwenyekiti wa kamati akashangaa. "Shaabani, si mashine imepona?"

"Imepona," Ami akajibu. "Ndiyo maana ninaweza kumpa."

Harun alikaribia kipaza sauti akiwa amejaza kifua chake chote. Ami alikaa kando yake, akamgusa mbavuni kwa vidole viwili.

"Polepole, mwanangu," akamwambia. "Kelele ni kazi ya mashine. Wewe ita."